Natafuta Tatizo la Utafiti

Jumatatu, 3 Machi

Aibu. Aibu tupu. Msimamizi wangu amelirudisha tena pendekezo langu la utafiti, mbele ya darasa zima la ukutubi, amelishika kwa ncha za vidole kama soksi ya mtu mwingine. Akasema nimemletea mada, sijamletea tatizo. "Maktaba na Maendeleo ya Jamii" si tatizo, akasema, ni kichwa cha hotuba. Tatizo sharti lioneshe ni kitu gani hakiko sawa, nani anaumia, na ni jambo gani ambalo bado hatulijui. Kisha akaniuliza: haya, katika maandishi yako yote haya, nani anaumia? Nikajibu: mimi. Darasa likaangua kicheko. Sikuwa natania.

Aliyecheka kuliko wote ni Bi Pengo. Tumempa jina hilo kwa sababu kila akifungua mdomo keshaona pengo la maarifa mahali. Tatizo lake lilikubaliwa siku ya kwanza: kwa nini wanafunzi wa uuguzi hawaitumii katalogi ya kompyuta. Alilipataje? Alikaa karibu na hiyo kompyuta akawatazama watu. Basi! Huo nao ni usomi?

Onyo nimepewa. Nisipokuwa na tatizo lililokubaliwa kufikia mwisho wa mwezi, nafutwa chuo. Nikifutwa, narudi dukani kwa baba mdogo kupima misumari. Baba mdogo keshanitumia salamu kwamba mizani yangu bado ipo pale pale na imepanguswa vumbi.

Wakati wa kula nimemweleza Shangazi. Naishi kwake. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, na ndiye mkutubi wa chumba cha kusomea cha mtaa huu. Ni chumba kimoja tu, mali ya manispaa. Vitabu vyake haviazimwi, vinasomewa humo humo. Akaniambia: baba, njoo ukae kwangu, uwaangalie watu, uwaulize, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia kwa upole kwamba kwake hakuna tatizo hata moja, kila kitu kinakwenda sawa. Akafurahi, akaniongezea mchuzi. Hakujua kwamba namlaumu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda. Heri nisingekwenda. Madirisha pande zote mbili, hewa inapita. Paa halivuji. Nimekagua choo: kisafi! Watoto wa shule wameijaza meza ya nyuma na wametulia tuli. Mlinzi wa benki anasoma kabla ya zamu, sare imenyooshwa. Dereva wa treni, mstaafu, anasoma kitabu kimoja kinene cha magonjwa ya moyo, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa moyo wake unamsumbua na daktari wake hana muda wa kumweleza. Kila mtu ameridhika. Sasa mimi nitaandika nini?

Nikajaribu kuhoji. Nikamuuliza mtoto mmoja wa kike anakumbana na changamoto zipi katika upatikanaji wa taarifa. Akasema changamoto yake ni kwamba nimekalia atlasi.

Shangazi akaniletea chai, akanipigia stori za kazi yake. Afisa Majengo wa manispaa anakimezea mate chumba hiki miaka mingi, anataka kukifanya stoo ya saruji. Kila akija, Shangazi humziba mdomo kwa hesabu. Jioni akifunga mlango, huhesabu vitabu walivyoacha watu mezani, na kila mwezi hesabu hiyo huipeleka manispaa. Meza zikijaa, ni ushahidi kwamba watu wanasoma, na afisa hurudi alikotoka. Alisimulia huku anacheka, anapiga paja. Nikaitikia kwa kichwa. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye misumari.

Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wake Shangazi kafanyiwa upasuaji, na Shangazi amesafiri kwenda kumuuguza. Hatarudi mpaka mgonjwa asimame. Ameniachia funguo za chumba cha kusomea. Akaniambia nifungue mapema, nihesabu meza kila jioni, na nisiguse kitu. Hilo la mwisho kalirudia hadi kwenye mlango wa basi.

Kwa hiyo mimi ni Kaimu Mkutubi. Nimelitamka mbele ya kioo. Linanipendeza.

Balaa ni kwamba Bi Pengo amesikia. Anasema atakuja Jumatano kututembelea, ajifunze kwa wenzake. Ajifunze! Anakuja kututafutia pengo, mimi na ukoo wangu. Nikakiangalia chumba kwa jicho la adui. Jioni ile meza zilikuwa gulio la mitumba: vitabu vimelala chali, vimelala kifudifudi, kimoja kimefunguliwa na ndani yake kuna kifuniko cha kalamu. Na ukutani pana kibao, mwandiko wa Shangazi mwenyewe: TAFADHALI USIRUDISHE KITABU RAFUNI, KIACHE MEZANI. Ebo! Maktaba gani inawafundisha watu uchafu? Mambo ya kizamani haya.

Nikakitoa. Nikaandika kipya kwa rangi nyekundu: MSTAARABU HURUDISHA KITABU MAHALI PAKE. Nikakitundika. Nikarudi nyuma hatua kadhaa kukitazama. Maneno machache, mazito. Ninacho kipaji hiki na hakuna anayekiona.

Jumatano, 12 Machi

Wasomaji wametii mara moja. Watu wa mtaa huu wana adabu. Hata watoto wa shule wanapanga foleni mbele ya rafu kurudisha. Dereva wa treni alikibeba kile kitabu chake kwa mikono miwili, akakirudisha, akapumzika kwenye kiti, akaniuliza kwa heshima kama amekipanga sawasawa.

Bi Pengo akaja. Akatazama meza. Akasema ni safi mno. Sikuipenda hiyo "mno". Akaketi akazungumza na dereva wa treni muda mrefu, anamsikiliza mambo ya moyo wake, kisha akaondoka bila kuona pengo lolote. Ushindi!

Nikafunga mlango nikahesabu meza kama nilivyoagizwa. Hakuna kitabu. Nikachungulia chini ya meza. Hakuna. Nikawaza: watu wamejaa humu mchana kutwa, na hakuna kitabu hata kimoja kilichosomwa!

Lo! Hawaji kusoma! Wanafuata upepo! Wanakalia viti vya manispaa, wanakodolea macho kurasa, wanakwenda zao. Na Shangazi miaka yote hiyo hakulijua hilo. Hapa pana tatizo. Pana tatizo kubwa, nono, na ni langu!

Ijumaa, 14 Machi

Meza ni nyeupe, jana na leo. Kila jioni nafunga mlango kwa hofu nisije nikakuta kitabu. Sijakuta. Asante Mungu.

Nimeandika. "Tatizo la utafiti huu ni kwamba wakazi hujaza chumba cha kusomea cha manispaa pasipo kusoma." Nini hakiko sawa? Hawasomi. Nani anaumia? Manispaa, inayolipia umeme. Nini hakijulikani? Sababu. Yote matatu yamo! Nimeisoma kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, machozi yakanilengalenga. Wali umeungua.

Jumanne, 18 Machi

LIMEKUBALIWA!

Msimamizi alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Akasema tangu anifahamu, hiki ni kitu cha kwanza nilichoandika ambacho ni tatizo. Akauliza nimepimaje. Nikasema kwa kuhesabu vitabu vilivyoachwa mezani jioni, njia inayotambulika kitaaluma. Akaafiki. Akatia saini. Amebakiza sharti moja tu, nikaombe kibali manispaa, wenye chumba. Nikageuka nimtazame Bi Pengo. Alikuwa amekunja uso, anafikiri. Wivu ni kitu kibaya.

Baadaye akanifuata koridoni. Akaniuliza pale ukutani pana kibao gani siku hizi, maana dereva wa treni alimwambia kimebadilishwa. Nikamsomea utungo wangu, kwa fahari. Akashika mdomo. Akasema, kwa hiyo umewaambia watu warudishe vitabu, halafu umehesabu vile ambavyo hawakurudisha?

Nikasema ni mambo mawili tofauti. Akauliza yanatofautianaje. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge.

Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi kwake. Akasema subiri kwanza, usipandwe na hasira. Kitundike kile cha zamani, hesabu wiki nyingine, linganisha. Hapo una tatizo la kweli mkononi. Takwimu zinazoamua maktaba iishi au ife zinategemea msomaji kaambiwa akifanye nini kitabu akimaliza, na yeye hajui mtu aliyelichunguza jambo hilo. Akasema yuko tayari kunisaidia kuhesabu. Nikamjibu kwamba mimi ni mtafiti, sichunguzi vibao.

Nimerudi nyumbani nimekaa kitandani. Ana hoja. Ana hoja kabisa, adui yangu yule. Vitabu vinasomwa. Vinasomwa sana. Nimeona mwenyewe mlinzi wa benki akiguna kwa kitabu cha sheria.

Lakini mwisho wa mwezi umekaribia, na saini ni saini. Nitarekebisha kwenye sura ya nne.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda manispaa kuomba kibali. Wenzangu husota huko hadi viatu vinaisha. Mimi nilipotaja chumba cha kusomea tu, Afisa Majengo alitoka mwenyewe ofisini kwake, akanipa kiti, akaagiza soda. Ni bwana mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Akasoma ukurasa wangu huku anatabasamu. Sijawahi kusomwa kwa furaha namna ile! Alipofika "pasipo kusoma" akapiga meza, akaniita msomi. Akaomba abaki na nakala. Nikamwachia mbili. Muhuri ukagongwa papo hapo. Akasema nimsalimie Shangazi. Shangazi amemdhania vibaya mtu yule.

Ile habari ya stoo ya saruji nilikuja kuikumbuka nikiwa ngazini. Nikasimama. Nikajiambia, afisa mzima wa serikali hawezi kufunga chumba kwa ukurasa mmoja wa mwanafunzi. Haiwezekani. Nikashuka.

Jumatatu, 24 Machi

Shangazi amerudi, kachoka, miguu imevimba. Hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja chumba cha kusomea, na kitu cha kwanza alichokitazama ni ukuta.

Akauliza kibao chake kiko wapi. Nikasema kinasafishwa. Akauliza hesabu za jioni ziko wapi. Nikasema ziko chuo. Akanitazama tangu utosini hadi unyayoni, akachukua boksi, akalikata, akaandika kibao kingine kwa mkono wake, akakitundika. Hakunigombeza. Shangazi asiponigombeza, jambo ni kubwa.

Jioni meza zilijaa. Alihesabu huku anaimba. Dereva wa treni alimwambia afadhali umerudi, kile kitabu ni kizito kukipandisha rafuni kwa moyo huu. Shangazi akanigeukia taratibu. Nikajitia hamnazo, nikafunga madirisha.

Jumatano, 2 Aprili

Imekuja barua ya manispaa. Chumba cha kusomea kinafungwa Jumamosi na mkutubi wake anastaafishwa, "kwa kuzingatia utafiti huru wa kitaaluma uliofanyika ndani ya chumba hicho, ambao umethibitisha kwamba hakuna kitabu kinachosomwa."

Nimenukuliwa!

Sijamaliza hata sura ya kwanza na tayari nimenukuliwa na serikali! Bi Pengo hajawahi kunukuliwa hata na mama yake. Naandika hili la kwanza kwa sababu ndilo la kwanza nililohisi, na yaliyofuata si mazuri.

Ilimfikia Shangazi asubuhi; jioni aliisoma tena mbele yangu, amesimama. Akaketi. Akaisoma tena. Akaniuliza: baba, utafiti huu ni wa nani? Nikasema maadili ya utafiti hayaruhusu kuwataja wahusika. Akasema hajaniuliza habari za maadili. Akasema miaka yote hii amemzuia yule bwana mlangoni kwa hesabu zake, hakujua kwamba atapitia dirishani kwa mtoto wa kaka yake. Hakupaza sauti. Akakunja barua ikawa ndogo sana, akaishika tu mkononi.

Kisha akasema bado kuna njia. Yeye mwenyewe alishawapelekea hesabu zake mchana, wakamjibu kwamba yeye ni mfanyakazi, anatetea unga wake, ilhali mtafiti hana upande. Basi mtafiti mwenyewe aende. Awaambie alikosea. Neno moja tu, akasema, kukosea ni kwa kila mtu. Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo wangu wote.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda. Nilitembea kwa miguu ili nijipange maneno.

Afisa Majengo akanipokea vilevile, kiti na soda. Nikamwambia huenda pana kasoro kidogo katika takwimu. Hakubisha hata kidogo! Akasema hakuna neno, ni jambo la kawaida. Niandike tu kwa mkono wangu kwamba hesabu zangu si za kweli, na chumba hakitafungwa. Akanisogezea karatasi na kalamu. Ila kwa utaratibu, akasema kwa ile sauti yake, nakala itabidi iende kwa msimamizi wangu chuo, naye ataamua la kufanya na mtu mwenye takwimu zisizo za kweli.

Nikashika kalamu. Nikaandika tarehe.

Akilini nikamwona baba mdogo anacheka na wateja. Nikamwona Bi Pengo anatikisa kichwa kwa huruma. Huruma yake! Nikaitazama ile tarehe mpaka wino ukakauka. Nikauliza kama naweza kwanza kushauriana. Afisa akasema shauriana, bwana, shauriana, lori linakuja Jumamosi. Nikashukuru. Soda nilimaliza.

Shangazi alikuwa amenisubiri kibarazani. Nilimwambia afisa hakuwepo. Akasema basi kesho nirudi. Nikasema afisa amesafiri, hatakuwepo hadi wiki ijayo. Akanipa chakula, akaniambia asante kwa kujaribu. Najiona mchafu, mchafu kabisa. Lakini nani angefanya vinginevyo? Natamani mtu aniambie nani.

Jumamosi, 5 Aprili

Lori limekuja asubuhi. Wapakizi walivirusha vitabu kama matofali, mmoja anatupa, mwingine anadaka. Shangazi aliwaomba wavilaze vizuri, kurasa zisipinde. Wakacheka. Akavua kanga ya begani, akaanza kuvifunga mwenyewe mafungu mafungu, na wale vijana wakaona haya wakaacha kuvirusha.

Dereva wa treni akafika na miwani yake mfukoni. Akaambiwa pamefungwa. Akaomba aruhusiwe kumalizia sura moja tu. Kitabu chake kilikuwa chini kabisa, juu yake wameshapanga vingine. Akaketi kwenye kizingiti, anahema. Akanigeukia mimi, msomi, akaniuliza mlango wa moyo ukishaanza kusinyaa kinachofuata ni nini, maana hapo ndipo alipokuwa amefika. Nikamwambia hiyo si taaluma yangu.

Watoto wa shule walifanya hesabu zao barazani, wamelala kifudifudi. Mchana mifuko ya saruji ikaingia. Mlinzi wa benki alipita na sare yake, akachungulia, akaendelea na safari. Shangazi akamkabidhi Afisa Majengo funguo. Afisa alitaka kunipa mkono na mimi, mbele ya Shangazi. "Msomi wetu," akasema, "tumekutana tena! Juzi ofisini kwangu hukumaliza ile karatasi."

Shangazi alisikia. Nilimwona anasikia. Tulipofika mlangoni nyumbani akasema la kuvunda halina ubani, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempelekea Msimamizi sura ya kwanza, imepigwa chapa, ina jalada. Hakuifungua. Aliniuliza data nitakusanya wapi. Nikasema chumba cha kusomea. Akasema amepita pale, ameona saruji. Akasema tatizo lako limeshatatuliwa, bwana. Limetatuliwa kabla ya sura ya pili. Hakuna chumba, hakuna wasomaji, hakuna wasiosoma. Nilifute moyoni, nitafute lingine, na kwa huruma yake ananiongezea muda hadi mwisho wa Mei. Baada ya hapo nisahau.

Lo, ulimwengu! Nimeuza ndugu, nimekosa hata bei.

Hayo si kitu. Nilipotoka nikakuta kwenye ubao mada zilizokubaliwa. Bi Pengo amebadilisha yake! "Maelekezo kwa Wasomaji na Athari Zake katika Hesabu za Matumizi ya Maktaba." Msimamizi ameandika pembeni kwamba ni tatizo bora la mwaka. MWIZI! Tatizo limetoka ukutani kwa shangazi yangu! Nilipomkabili alisema alinipa mimi kwanza, nikakataa. Akasema pia ameiandikia manispaa kuwaeleza kosa lile, wakamjibu kwamba stoo imeshajaa. Halafu akaniuliza Shangazi anaendeleaje. Kwanza aibe, kisha ajulie hali! Nikaondoka zangu.

Jumanne, 22 Aprili

Shangazi haongei. Anapika, anapakua, anakaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Jirani kampima presha, akashtuka. Sasa anahudhuria kliniki. Jana nilimkuta sebuleni, amepanga magazeti ya zamani mezani, kingo kwa kingo, anayatazama tu. Nikamwambia pole. Akasema ahsante, baba. Bado ananiita baba. Angenitukana ningelala usingizi.

Tatizo bado sijapata. Nimekwenda maktaba ya wanasheria, wakanifukuza. Nimekwenda maktaba ya shule ya bweni, mwalimu akaniuliza kama mimi ndiye yule wa saruji. Habari zinasafiri.

Jumanne, 6 Mei

Siku njema! Hatimaye siku njema katika nyumba hii!

Nimemsindikiza Shangazi kliniki, nikagundua alichokuwa akinificha. Pale ukumbini, wanakosubiri wagonjwa, pana kabati la kioo limejaa vitabu. Ni kazi yake! Alianza na kitabu kimoja mkobani, akamwachia mgonjwa mwenzake. Watu wa mtaani wakaleta vya kwao. Mlinzi wa benki kaleta vya sheria. Muuguzi mkuu akampa kabati lililokuwa na bandeji. Shangazi anakuja hata siku ambazo hana miadi. Leo nimemwona anamsomea dereva wa treni kwa sauti, habari za milango ya moyo, na wagonjwa wengine wamesogeza shingo wasikie. Yule mzee akatia utani, akasema moyo wake ni treni mbovu ila abiria bado wamo. Shangazi akacheka. Alicheka hadi akashika mbavu! Sijamsikia akicheka tangu lori lile. Nilifurahi kweli.

Nikatoa kalamu.

Nikamuuliza kwa siku vinasomwa vingapi. Kicheko kikakatika. Akasema hajui na hataki kujua. Hajui! Kabati zima, ukumbi mzima wa watu, na hakuna takwimu hata moja! Nani anaumia? Wagonjwa, wamejaa tele! Nini hakijulikani? Kila kitu! Nikaenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu, nikajitambulisha kama mtafiti. Mama mwelewa sana. Alisema hata yeye huwa anajiuliza kama lile kabati lina faida yoyote, kwa sababu mahali pale pangetosha viti vya wagonjwa, na wakubwa wake wameshamuuliza. Nikimwandikia ukurasa mmoja, atashukuru. Nimemwambia ataupata wiki hii.

Wakati wa kurudi, Shangazi alinishika mkono getini, kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Akanisihi nisimwandike. Akanisihi kwa jina la marehemu baba yangu, mbele ya watu, mpaka nikaona haya. Nikamtuliza. Nikamweleza kwamba asiwe na hofu, jina lake halitaonekana popote. Kesho asubuhi naanza kuhesabu.